Sura ya Sita: Tofauti ya Shilingi Tisini

Afisa mikopo alikuwa ameondoka nusu saa kabla mpelelezi hajafika, lakini ofisi ndogo ya kiwanda cha magodoro ilikuwa bado na sura ya nyumba iliyotoka kupokea habari mbaya. Kiti cha mgeni kilikuwa kimesukumwa nyuma. Chai yake haikuguswa. Mezani palikuwa na daftari kubwa la wiki, wazi, na chini ya ukurasa wa mwisho kalamu nyekundu ilikuwa imeandika tarakimu mbili na kuzizungushia duara: 90.

"Shilingi tisini!" alisema mwenye kiwanda, mjane mnene ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Magodoro. "Mwanangu, hebu niambie, shilingi tisini ni kitu? Ndiyo inayoninyima mkopo wa sponji ya miezi mitatu. Amesema hatii saini kwenye daftari lenye tofauti, hata ya senti. Amenipa mpaka saa sita mchana."

"Sikuja kwa ajili ya mkopo, mama. Nimekuja kwa ajili ya mhasibu wako."

"Ni jambo lile lile. Mhasibu angekuwepo, tisini isingekuwepo."

Mhasibu huyo watu walimwita Bwana Senti, maana senti ikipotea alikuwa haendi kula mpaka aipate. Alionekana mara ya mwisho Jumanne ya wiki iliyopita, akiingia kazini. Leo ilikuwa Jumatatu. Kituo cha basi kilikuwa kimetoa nakala ya tiketi ya kwenda mpakani, imekatwa Jumatano kwa jina lake, na mkuu wa polisi aliiona tiketi hiyo akaridhika: mtu kakimbia, labda na fedha, labda na mwanamke. Mpelelezi hakuridhika. Mwizi huacha pengo, na droo ya kiwanda haikupungukiwa. Tena ni mkimbizi gani anayeacha mshahara wa mwezi mzima bila kuuchukua, na yeye mwenyewe ndiye anayeuandika?

"Nani alifunga wiki juzi Jumamosi?" aliuliza.

"Mimi, afande."

Aliyejibu alikuwa ameegemea kabati la mafaili, mikono kifuani. Alikuwa mdogo wake Mama Magodoro, mtunza ghala, mtu mwenye maneno matamu kuliko mfuko wake. Wafanyakazi wote, hata waliomzidi umri, walimwita Mjomba.

"Umesomea hesabu?"

"Nimesomea kwake. Miaka tisa meza moja, afande. Ukikaa na mwashi utajua kuchanganya saruji."

"Mbona mwandiko ni wake?"

Mjomba alicheka. "Nimeuiga. Sikutaka daftari liwe kama shati lenye kiraka."

Mpelelezi alivuta kiti. Mama yake aliuza nguo za mitumba maisha yake yote, na kila Jumapili binti ndiye aliyemfungia hesabu, kwa hiyo daftari la namna hii kwake halikuwa msitu. Alijua kwamba tofauti ikigawanyika kwa tisa, kwanza usitafute mwizi. Tafuta tarakimu mbili zilizopinduana. Alichukua rundo la risiti za wiki, akaweka kidole kwenye safu ya manunuzi, akashuka nayo mstari kwa mstari. Cherehani za akina mama uani zilinguruma na kunyamaza, zikanguruma tena.

"Hii hapa," alisema. "Uzi wa cherehani. Risiti inasema mia tano na arobaini. Daftari linasema mia nne na hamsini. Nne na tano zimekalishana vibaya. Ndiyo tisini yenu."

Mama Magodoro alipiga kofi mezani hata kikombe kikaruka. "Jamani! Serikali inakulipa bure, njoo ufanye kazi hapa!"

Mjomba hakupiga kofi. Aliinamia ukurasa, akatazama ile mia nne na hamsini kwa muda mrefu, kama mtu anayemtazama adui aliyepita mbele yake mara nyingi bila kumtambua. Kisha akatabasamu kwa meno yote.

"Afande, Mungu akupe maisha marefu. Sasa sina haja tena ya…" Alisita. "Ya kuhangaika. Sina haja tena ya kuhangaika."

Aliandika muhtasari mpya wa wiki kwenye karatasi safi, akaukunja na kuutia mfukoni. Ofisi ya afisa mikopo ilikuwa mtaa wa pili. Alitoka kwa hatua za mtu aliyepunguziwa mzigo.

Mpelelezi alijisikia vizuri.

* * *

Uani, kwenye kivuli cha pekee kilichokuwepo, alikuwa ameketi mke wa Bwana Senti. Alikuwa amekuja kila siku tangu Jumatano na kuketi pale pale, mgongo umeegemea ukuta wa ghala la sponji, akitazama lango. Wanawake wa cherehani walimpa maji, wakampa pole, wakaishiwa maneno. Mpelelezi alimwita ofisini.

"Keti, dada. Nataka uone mwandiko huu. Mjomba anasema kauiga wa mumeo."

Mwanamke aliinama juu ya daftari. Alikuwa mwembamba, macho yamevimba, khanga imefungwa kiunoni kwa nguvu kama ya mtu anayekwenda kuchota maji mbali. Alisoma mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu.

"Ukurasa huu ni wa lini?"

"Jumamosi."

"Jumamosi hii?"

"Hii."

"Ni wake." Sauti ilimtoka nyembamba. "Afande, huyu ni yeye. Tazama nane. Nane yake inaanzia chini, inapanda kama mtu anayekwea mnazi, halafu inashuka. Watoto wetu walichapwa shuleni kwa nane hiyo."

Mpelelezi alichomoa risiti moja ambayo Mjomba alikuwa ameijaza tarehe kwa mkono wake. Nane ya Mjomba ilikuwa viduara viwili vimepandana, mama na mtoto mgongoni. Alirudi kwenye daftari. Nane kumi na moja. Zote zilianzia chini.

Mama Magodoro alikuwa ameacha kutabasamu. "Ina maana gani hiyo?"

"Ina maana kwamba Jumamosi, siku tatu baada ya tiketi ya basi, mtu aliyeandika hapa alikuwa hai na alikuwa na risiti zenu mbele yake."

"Yu hai," alisema mke. Kisha akashika mdomo, maana neno lenyewe lilimtisha. "Yuko wapi basi?"

Mpelelezi alikuwa ameshafungua daftari la pili, lile jembamba la fedha ndogo. "Mama, nieleze. Mtu akitaka kununua kitu kidogo cha kiwanda, anafanyaje?"

"Anachukua kwenye droo, analeta risiti. Bila risiti, namkata mshahara. Mimi vitabu hivi sivijui, mwanangu, lakini droo naihesabu mwenyewe kila jioni. Hata mdogo wangu nimeshamkata mara mbili. Hana kitu huyo, ana madeni mpaka kwenye soli za viatu."

"Kwa hiyo akichukua fedha, lazima risiti iingie kwenye kopo, na Jumamosi mhasibu aiandike."

"Ndiyo sheria. Haina ndugu."

Mpelelezi alisoma kwa sauti, polepole.

"Jumanne. Kufuli kubwa, moja. Mnyororo, mita mbili. Aliyechukua: Mjomba."

Kidole chake kilishuka mstari mmoja.

"Jumatano. Ndoo yenye mfuniko, moja. Aliyechukua: Mjomba. Jumatano hiyo hiyo: nauli, tiketi moja ya basi. Aliyechukua…" Aliinua macho. "Mjomba."

"Mkate na maji," aliendelea. "Jumatano. Alhamisi. Ijumaa. Jumamosi. Kila siku mkate mmoja. Mishumaa, pakiti moja."

Mtu alikuwa ameteka mwenzake, akaleta risiti za utekaji ili asikatwe mshahara, na kuzipeleka kwa huyo huyo aliyemteka azifungie hesabu. Siku nyingine pangekuwa na mahali pa kucheka. Kisha mpelelezi aliona kitu kingine. Daftari lile lilikuwa na safu ya mwisho iliyoitwa "Kazi yake", na katika kurasa zote za nyuma hapakuwa na nafasi tupu: sindano, kushonea, sabuni, kunawia, msumari, kutundikia kalenda. Wiki hii, mbele ya kufuli na mnyororo, mbele ya ndoo na mkate, mbele ya mishumaa, safu ilikuwa nyeupe. Uongo Bwana Senti hakuuandika, na ukweli hakuthubutu.

"Mjomba hakuona?" mke aliuliza.

"Watu huangalia mstari wa mwisho tu, dada. Ukilingana, wanafunga daftari."

Alipotamka hivyo, akalivuta tena daftari kubwa. Mstari wa mwisho.

"Dada," alisema taratibu, "mumeo amewahi kupindua tarakimu?"

"Yeye? Sheria ya tisa ndiyo aliyowafundisha watoto kabla ya kusoma. Hapindui."

"Hata akiwa mgonjwa? Akiwa na hofu?"

"Akiwa na hofu ndipo anapohesabu vizuri zaidi."

Basi hakukosea. Aliifunga wiki jinsi alivyolazimishwa, akaacha ndani yake tisini moja ambayo Mjomba hangeipata hata angepewa mwaka. Afisa angekataa, Mjomba angerudi kwa mfungwa wake akamwambie tafuta, na aliyeificha angetafuta polepole, leo na kesho na keshokutwa, kila siku kwa mkate wake mmoja. Alikuwa amejishikiza kwenye uhai kwa tarakimu mbili. Na mpelelezi, binti wa mwuza mitumba, alikuwa amezichomoa kwa majigambo, mbele ya mwuaji, akamkabidhi.

Aliipigia simu ofisi ya mikopo. Vidole vilikosea namba mara mbili.

"Nimesaini, ndiyo," alisema afisa. "Mhuri na kila kitu. Ameondoka hapa kama robo saa hivi."

Kutoka kule mpaka hapa ni mwendo wa dakika tano.

"Mama," mpelelezi alisema, "mshumaa unatumika wapi hapa?"

"Wapi? Hakuna mahali! Hapa hata kiberiti ni marufuku. Mvuta sigara nilimfukuza siku ile ile. Sponji haiungui, mwanangu, sponji inalipuka."

"Sehemu gani haina umeme?"

Mama Magodoro aligeuka. Alinyoosha kidole dirishani, kuelekea ule ukuta wenye kivuli. "Ghala," alinong'ona. "Nilikata umeme mwenyewe. Kwa ajili ya cheche."

Mke wa Bwana Senti alitoa sauti ambayo haikuwa kilio wala neno. Siku tano mgongo wake ulikuwa pale.

* * *

Lango lilifunguka walipokuwa wakitokea uani. Mjomba aliingia akiwa ameinua karatasi yenye mhuri juu ya kichwa, kama mchezaji mwenye kombe.

"Dada! Tumepata! Afande, soda ziko kwangu leo!"

"Naomba ufunguo wa ghala," mpelelezi alisema.

"Wa ghala?" Hakuacha kutabasamu. "Karibu. Ila ngoja, hebu. Nimeuacha… Juzi niliuweka…" Alipapasa mfuko wa shati, wa suruali, wa nyuma, akaanza tena na wa shati. "Ufunguo huu bwana, kama mke mtoro. Tukae kwanza tunywe kitu, nitaukumbuka."

"Kwa nini ulibadilisha kufuli Jumanne?"

"Wezi, afande. Dunia imeharibika."

"Sponji za leo nani aliwatolea wakataji?"

"Mimi mwenyewe, alfajiri. Mizigo yote iko pale mezani, hesabu. Hakuna mwingine anayeingia humo, mavumbi yanaua mapafu. Nimewahurumia."

"Lina milango mingapi?"

"Huu wa mbele." Alikohoa. "Na wa uchochoroni, lakini haufunguliwi siku hizi."

Alikuwa akijibu yote, kwa upole, kwa urefu, kama mtu aliyelipwa kwa neno. Akaanza kusimulia habari ya panya. Mpelelezi alisikiliza nusu dakika, na nusu dakika hiyo ilimwonyesha mambo mawili. Kwenye ncha ya kiatu cha kulia cha Mjomba palikuwa na tone jeupe la nta, bado laini. Na kila baada ya sentensi mbili macho yake yalishuka kwenye saa ya mkononi.

"Unasubiri nini?" aliuliza.

Mjomba aliuficha mkono wenye saa nyuma ya mgongo.

"Nimekuuliza. Ni muda gani unausubiri?"

Tabasamu lilibaki usoni lakini mwenyewe alikuwa ameshaondoka nyuma yake. Alipiga hatua moja kuelekea langoni. Pale alisimama koplo, kijana mpana aliyekuja na mpelelezi, ambaye tangu asubuhi hakuwa amefanya lolote ila kusimama. Alimkamata Mjomba mkono, akaukunja nyuma.

"Mtarimbo!" mpelelezi alipiga kelele. "Leteni mtarimbo! Cherehani zizimwe, watu wote watoke nje ya lango! Na maji, ndoo zote za maji!"

Wanawake waliinuka kwa pamoja, viti vikaanguka. Mama Magodoro mwenyewe ndiye aliyeleta mtarimbo, akiuburuta kwa mikono miwili, na alipompita mdogo wake hakumtazama.

"Dada," Mjomba alisema. "Dada, nilikuwa nitalipa zote. Mhasibu alikuwa anakuja kukwambia ile mizigo ya sponji niliyouza, nami nilitaka siku chache tu. Siku chache, nijaze pengo kwa sponji ya mkopo…"

"Usiniite dada."

Kufuli lilikataa mara ya kwanza, likakataa mara ya pili. Mjomba, shavu limebanwa ukutani, alicheka kicheko kikavu.

"Andika na hili kwenye ripoti yako, afande. Mimi tisini ile nisingeiona kamwe. Umeniletea wewe."

Mpelelezi alitia uzito wake wote kwenye chuma, na kufuli likapasuka.

Nyuma ya mlango palikuwa na ukuta wa sponji, matofali ya njano yaliyopangwa mpaka darini, hayana hata mwanya wa kupenyeza mkono. "Bwana!" aliita. "Polisi!" Sauti ilimtoka mdomoni ikafa pale pale, imemezwa, kana kwamba ameitia kwenye gunia. Hapo ndipo alipoelewa jinsi mtu anavyoweza kulia siku sita hatua ishirini kutoka kwa wanawake thelathini. Alichomoa tofali la kwanza, la pili. Mke alikuwa ameshaingia kando yake na kuchomoa pia, akitupa nyuma bila kutazama. Mavumbi yaliwajaa puani. Na katikati ya mavumbi, nyembamba kama uzi, ilikuja harufu ya nta inayoungua.

"Rudi nyuma, dada."

"Sirudi."

"Ikishika, haitatupa hata nafasi ya kugeuka."

"Nimesema sirudi."

Mpelelezi alilala kifudifudi akajipenyeza katika tundu walilolifungua. Sponji ilimbana mabega, ikamkwaruza masikio. Alitambaa kwa viwiko, mita moja, mita mbili, na kila mara alipovuta pumzi alifikiri ndiyo ya mwisho kabla ya mwanga mkubwa. Kisha kichwa chake kikatokea upande wa pili.

Palikuwa na nafasi ndogo kama ya kitanda kimoja. Kibao, ndoo, kalamu. Kwenye kona ya mbali, juu ya rundo la makombo ya sponji, mshumaa ulikuwa umesimikwa, na ulikuwa umebaki urefu wa ncha ya kidole. Mnyororo ulitoka kwenye nguzo ukaishia kifundoni mwa mguu wa mtu. Mtu huyo alikuwa amelala chini kwa urefu wake wote, ameuvuta mnyororo mpaka ngozi imechanika, shingo imenyooka, mashavu yamejaa. Alikuwa akipuliza. Alikuwa mbali mno. Pumzi yake ilifika imechoka, ikautikisa tu mwali, na kila mwali ulipotikisika kuelekea kwenye makombo alijizuia, akangoja utulie, akapuliza tena.

Hakumwona mpelelezi. Hakuona chochote ila ule mwali.

Mpelelezi alinyoosha mkono kupita kichwa chake. Hakuthubutu kupuliza. Aliubana utambi kwa vidole viwili, nyama ikaungua, akazidi kubana mpaka giza lilipoingia lote kwa mara moja.

"Umezimika," alisema. "Umezimika, bwana. Umepona."

Gizani alisikia: phuu. Kimya. Phuu.

"Umezimika. Mimi ni polisi. Acha."

Phuu. Mtu yule alikuwa akivuta pumzi kwa mluzi, akiipima, akiipeleka kule kule ambako moto haukuwepo tena. Mpelelezi alimshika bega. Bega lilikuwa gumu kama mbao. Alimwita mara tatu, akamwita kwa sauti kubwa na kwa sauti ndogo. Nyuma yake alisikia sponji ikikwaruzwa, na mkono wa mwanamke ukampita, ukipapasa sakafu, ukapata nywele, paji la uso, mdomo.

Mke wa Bwana Senti aliweka kiganja chake mbele ya midomo ya mumewe, akaacha pumzi impige. Phuu. Akaiacha tena. Phuu.

"Baba watoto," alisema, "ni mkono wangu huo unaoupuliza."

Mpelelezi alisubiri, vidole vikimuuma, na gizani hakuhesabu kitu. Kisha akasikia yule mtu akivuta pumzi ndefu, na safari hii hakuipuliza.

Alianza kulia.